Kabla Hujaweka Spesa

Leo tuna mazungumzo ya wenye magari ya kukimbia, lakini hata wewe mwenye gari la kawaida usizime redio, maana kanuni zake ni zilezile.

Mtu amenunua rimu mpya. Zinang'aa, ni pana kuliko za zamani, na zimevishwa matairi mapana. Anatoka gereji roho kunjufu. Kwenye kona ya kwanza anakata usukani hadi mwisho, anasikia tairi linakwaruza. Akinyoosha, kimya. Jumamosi anapakia jamaa zake watatu, anapita tuta, sauti inarudi, safari hii kutoka nyuma, pamoja na harufu ya mpira ulioungua. Anampigia simu rafiki yake anayejua magari, na rafiki, bila hata kuliona gari, anamjibu: weka spesa, itaisha.

Huenda ikaisha kweli. Huenda pia ikazidi. Na huenda ikaisha leo, halafu baada ya miezi kadhaa gurudumu likalikimbia gari katikati ya barabara. Haya matatu hayatenganishwi na bahati. Yanatenganishwa na maswali mawili ambayo yule rafiki hakuuliza: tairi linagusa wapi, na hiyo spesa itashikiliwa na nini. Jioni hii nataka tukae na maswali hayo.

Kwa asiyeijua, spesa ni pande la duara, mara nyingi la alumini, lenye matundu ya kupitishia stadi, zile skrubu zinazofungwa nati, ambalo hukaa kati ya rimu na habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu zima nje. Zipo nyembamba za milimita 3 na 5, zipo za 10, na zipo nene za 20 au 25 ambazo huja na stadi zake zenyewe. Si kifaa cha kihuni. Porsche wenyewe wameuza spesa za milimita 5 kama nyongeza ya kiwandani kwa baadhi ya 911. Ujerumani kuna kampuni zenye jina kubwa kwa kazi hii, kama H&R na Eibach, na huko mwenye gari hafungi spesa kimyakimya. Lazima ziwe na hati ya kiufundi inayotaja gari lake, na mara nyingi gari lenyewe hupelekwa kukaguliwa likiwa limeshafungwa. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akasema nimekataza spesa. Sikatazi. Ninachokipinga ni kuifunga kwa kubahatisha.

Mfano wetu uwe Subaru Impreza, zile za WRX na STI. Wengi wetu huku Afrika Mashariki gari hili lilituingia moyoni kupitia Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na Impreza. Watoto waliokuwa kando ya barabara za vumbi za Kenya wakati ule, leo ni watu wazima wenye mishahara, na wengine wameyanunua magari hayohayo. Ukipita Nairobi siku yoyote utayasikia kabla hujayaona. Na mapenzi ya gari hili hayaishii kwenye injini. Karibu kila mwenye nalo ana mpango wa rimu.

Sasa inama nami kidogo tutazame chini ya madigadi ya mbele ya Impreza. Upande wa ndani wa tairi kuna shokapu imesimama, imezungukwa na springi, na ile sahani inayobeba springi imekaa juu kidogo tu ya ukingo wa tairi. Kiwandani wameacha nafasi ambayo kidole kinapita bila shida, lakini si kiganja. Upande wa nje kuna ukingo wa madigadi, lile bati lililokunjwa kwa ndani. Mbele kuna kona ya bampa, nyuma kuna plastiki ya kuzuia matope. Tairi linaishi katikati ya vitu vyote hivyo, tena haliko palepale: linapanda na kushuka, na la mbele linageuka huku na huko. Ukilipa upana zaidi, lazima liibe nafasi ya mmoja wa hao majirani.

Ataibiwa jirani yupi? Hapo ndipo inapoingia namba ambayo wauza rimu wachache hukutajia usipowauliza, nayo ni ofseti. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaokaa kwenye habu. Ofseti ikiwa kubwa, rimu huzama ndani. Ikipungua, rimu hutoka nje. Geuza rimu uitazame kwa nyuma, utaikuta imechongwa pale: herufi ET na namba yake.

Chukua STI ya miaka ya mwanzo ya 2000. Rimu yake ya kiwandani ni inchi 17, upana wa inchi 7.5, ofseti 53, na tairi ni 225/45. Kijana ameleta rimu za inchi 18, upana wa inchi 8.5, ofseti 50, na tairi la 245/40. Kwa macho unaona zimekaa. Tufanye hesabu. Upana umeongezeka kwa inchi 1, yaani milimita 25.4. Nusu yake, 12.7, inakwenda kila upande. Ofseti imepungua kwa 3, kwa hiyo gurudumu limesogea nje milimita 3. Upande wa ndani rimu imekaribia shokapu kwa milimita 9.7. Upande wa nje imetoka kwa milimita 15.7. Isitoshe, tairi hilo jipya lina kipenyo kinachozidi la zamani kwa karibu milimita 19, kwa hiyo juu limepanda milimita 9 na ushei kuifuata ile sahani ya springi.

Ukiweka spesa ya milimita 5 kwenye gari hilo, ndani umerudishiwa 5, bado umebakiwa na deni la 4.7. Nje sasa umetoka 20.7. Na ule urefu uliopanda juu, spesa haikuugusa hata kidogo. Ukishawishika kuweka ya milimita 20 ili gari "likae vizuri", nje umefika 35.7, na tuta la kwanza utakalopita na abiria nyuma, ukingo wa madigadi utaanza kulichana tairi. Ndiyo maana nasema tairi likigusa nje, spesa ni kuongeza petroli kwenye moto. Spesa ni dawa ya mguso wa ndani pekee, tena ule wa pembeni, si wa juu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mguso uko wapi, na kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji jeki, chaki na uvumilivu. Vua gurudumu linalolalamika. Litazame ubavu wa ndani kwanza. Mguso wa shokapu huacha mstari wa duara uliong'aa, laini kama umepigwa msasa, umezunguka tairi lote, kwa sababu shokapu haigeuki ikaliacha tairi: kama inagusa, inagusa wakati wote. Mguso wa kona ya bampa au wa plastiki ya matope ni tofauti. Utakuta begani mwa tairi pamekwaruzwa, na plastiki yenyewe ina shimo lililoyeyuka, kingo zake zimejikunja. Mguso wa ukingo wa madigadi huacha mikato mifupi kwenye bega la nje, na rangi ya bodi imetoka mpaka bati linaonekana.

Kama huoni kitu, paka chaki nyeupe nene mahali unapopashuku: kwenye shokapu, kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, kwenye plastiki. Rudisha gurudumu, nenda ukatembee. Kata kona polepole pande zote mbili usukani ukiwa mwisho. Kisha pakia watu wawili watatu nyuma, pita tuta kwa mwendo wa kawaida. Rudi uvue tena. Chaki iliyofutika ndiyo jibu. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya upana wa spesa ilhali chaki ingekata shauri kabla chai haijapoa.

Na zingatia wakati ambao sauti hutokea. Ikitokea usukani ukiwa mwisho tu, na gari halina mzigo, ni jambo la mgeuko: bampa, plastiki, au sehemu za ndani za mbele. Ikitokea ukiwa umenyooka, kwenye matuta, na gari limejaa, ni jambo la kushuka: gari limeshushwa mno, springi zimechoka, au shokapu zimekufa. Spesa haibebi abiria. Mtu aliyekata springi ili gari lilale chini, kisha akaweka spesa kutibu mkwaruzo, ameanza na kosa na kuliongezea lingine. Arudishe urefu wa gari kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo nataka mafundi wanisikie vizuri. Likija gari ambalo limetembea na rimu na matairi yaleyale mwaka mzima bila kelele, halafu ghafla likaanza kukwaruza, usiguse spesa. Rimu hazikui usiku. Kuna kitu kimehama. Mara nyingi ni bushi za mkono wa chini: mpira umepasuka, na kila ukishika breki gurudumu la mbele linarudi nyuma kuifuata plastiki. Weka wenzo, sukuma, utaona mkono unacheza. Au beringi ya habu imelegea. Au gari lilikanyaga shimo na kitu kikapinda. Spesa hapo itafanikiwa kuficha sauti, na sauti ndiyo ilikuwa inakuonya. Umemnyamazisha mlinzi na mwizi bado yumo ndani.

Sasa tuseme chaki imesema: ni ndani, ni pembeni, ni milimita chache. Vizuri. Spesa ni jibu halali. Tunaingia kwenye swali la pili, na hapa naomba usikivu wako wote, maana la kwanza likikosewa unapoteza tairi, na hili likikosewa kuna watu wanaweza kupoteza maisha.

Stadi za Impreza zina unene wa milimita 12, na uzi wake una hatua ya milimita 1.25. Maana yake nati ikizungushwa mzunguko mmoja, inatembea milimita 1.25. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba nati iume uzi wa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12, iume milimita 12. Gawanya kwa 1.25, unapata karibu mizunguko 10. Kwa Toyota nyingi, ambazo uzi wake ni wa 1.5, ni mizunguko 8. Sasa ukiweka spesa ya milimita 5, stadi imepungua milimita 5, na kwa Impreza hiyo ni mizunguko 4 imeibwa. Kama ulikuwa na 13, umebaki na 9, tayari pungufu kidogo ya kanuni. Kama ulikuwa na 11, umebaki na 7, na gari hilo halifai kutoka getini.

Hesabu kwa vidole vyako mwenyewe. Rimu ikiwa imekaa, zungusha nati kwa mkono, bila spana, tangu uzi unapoanza kushika hadi nati inapokalia rimu, ukihesabu kwa sauti. Haijafika idadi? Badilisha stadi, weka ndefu. Stadi ndefu zinauzwa, na fundi mwenye kujua kazi huzigonga zikatoka na kuvuta mpya zikakaa. Ni kazi ya nusu siku, na ndiyo gharama ya kweli ya spesa. Anayekuuzia spesa bila kukuuliza habari ya stadi amekuuzia nusu ya kifaa.

Tena angalia usichanganye uzi. Nati ya Toyota ya 1.5 itaingia kwenye stadi ya Subaru ya 1.25 mizunguko miwili mitatu, kisha itakaza. Mwenye haraka atatia mashine ya upepo na kuisukuma mpaka mwisho. Kwa nje utaona imekaza vizuri sana. Kwa ndani uzi umekatika wote, na nati imeshikwa na vipande vya chuma vilivyosagika.

Suala jingine ni tundu la kati. Habu ina shingo inayochomoza katikati, na gurudumu hukaa kwenye shingo hiyo. Shingo hiyo ndiyo inayoliweka gurudumu katikati hasa kabla nati hazijakazwa. Shingo ya Impreza ni milimita 56.1. Ya Altezza, na Toyota nyingine nyingi zenye nati tano, ni 60.1. Ukichukua spesa yenye tundu la 60.1 ukaivisha Impreza, inacheza karibu milimita 4. Itakaa popote itakapoangukia, kidogo juu, kidogo chini, na ukifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Mwenye gari anakwenda kufanya balansi, anatozwa pesa, tetemeko lipo palepale, kwa sababu tairi halina kosa. Na kumbuka kwamba spesa yenyewe nayo inaifunika shingo ya habu. Nzuri ina shingo yake mpya upande wa nje, ili rimu nayo ipate pa kukaa. Zile nyembamba sana za milimita 3 na 5 mara nyingi hazina shingo hiyo, kwa hiyo pima kama shingo ya habu bado inachomoza vya kutosha kuishika rimu. Kama haichomozi, usizifunge.

Kwa nini nang'ang'ania milimita hizi? Kwa sababu kinachobeba uzito wa gari kwenye gurudumu si stadi kama wengi wanavyodhani. Ni ule mbano. Nati zikikazwa sawasawa, rimu na habu hubanana kwa nguvu kubwa kiasi kwamba haziwezi kutelezeana, na stadi huwa imevutwa tu kama kamba iliyotulia. Mbano ukilegea, rimu huanza kuteleza kidogo, na stadi hupindwa kila mzunguko. Tairi la 225/45 la inchi 17 lina mzingo wa karibu mita 2. Kila kilomita, gurudumu huzunguka kama mara 500. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kilomita 90 hivi: mizunguko 45,000, na kila mmoja unaipinda stadi huku na huko. Chuma hakivumilii hivyo. Kinachoka, kinapata ufa, na ufa hauonekani mpaka siku stadi moja inapokatika, na zile nne zilizobaki zinabeba kazi ya tano.

Ndiyo maana uso wa spesa lazima uwe bapa kabisa, na ndiyo maana nakasirika nikiona gurudumu limesogezwa nje kwa washa. Naam, washa, zile za kawaida, zimepangwa mbili mbili kwenye kila stadi nyuma ya rimu. Rimu hapo haikai kwenye uso, imesimama kwenye nukta tano. Hakuna mbano wa kuaminika unaoweza kupatikana hivyo. Kupanga spesa mbili moja juu ya nyingine nako ni kosa la aina hiyohiyo, kila uso ulioongezwa ni mahali pengine pa kuteleza. Kama unahitaji 10, nunua ya 10, usiweke mbili za 5.

Watu huniuliza kuhusu wakereza vyuma wetu, wale wa Gerezani pale Dar es Salaam na wenzao wa Nairobi. Wanaweza kuchonga spesa? Mikono wanayo, sibishi. Wapo wanaokereza kitu ukakipima na kukuta kimenyooka hasa. Shaka yangu ni malighafi. Spesa nzuri huchongwa kwa alumini ngumu inayojulikana daraja lake, kama 6061-T6 au 7075. Alumini iliyoyeyushwa kutokana na makopo na sufuria chakavu haina daraja. Ina vitundu ndani, na inapobanwa na kupashwa joto la breki hubonyea taratibu, nati zikalegea zenyewe. Kama mkereza wako anaweza kukuonyesha alumini yake imetoka wapi, ni jambo la kuzungumza. Kama hawezi, nunua iliyotengenezwa na kampuni inayoandika jina lake juu ya bidhaa.

Zile nene zenye stadi zake zina mambo yake. Hizi hufungwa kwenye habu kwa nati za ndani, kisha rimu inafungwa kwenye stadi za spesa kwa nati za nje. Faida ni kwamba hupotezi uzi. Lakini stadi za zamani za habu zinaweza kuwa ndefu kuliko unene wa spesa, zikachungulia nje, na rimu ikakaa juu ya ncha zake badala ya kukaa kwenye spesa. Weka rula juu ya uso wa spesa kabla ya kuvisha rimu. Kitu kikichomoza, simama hapo hapo, labda rimu yako iwe na vishimo nyuma vya kuzimeza. Na zile nati za ndani, ukishavisha rimu, hakuna anayeziona tena. Ukitaka kuzikagua, lazima uvue gurudumu.

Utaniuliza: nikishafunga kila kitu sawasawa, gari litakuwa lilelile? Kwa milimita 3 hadi 5, wengi hawatahisi. Ukizidi hapo, jua kwamba uzito uleule sasa unaning'inia mbali zaidi na beringi. Ni kama ndoo ya maji: ukiibeba karibu na mwili unafika kisimani na kurudi, ukiibeba mkono umenyooshwa unasimama njiani. Beringi zitachoka mapema. Usukani nao utaanza kuvutwa na mashimo na mitaro ya barabara, kwa sababu pale tairi linapokanyaga pamehamia nje ya mstari ambao gurudumu hugeukia. Kwa barabara ya lami nzuri ni jambo dogo. Kwa barabara zetu nyingi, mikono yako italijua.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mwenye rimu za 8.5 na ofseti isiyomfaa, ningemwambia kwanza afikirie kubadilishana rimu na mtu mwingine. Soko la rimu za mkono wa pili ni kubwa, na rimu yenye ofseti sahihi haihitaji spesa, haihitaji stadi ndefu, haihitaji wasiwasi. Wakati mwingine hata kushusha tairi kutoka 245 hadi 225 kunamaliza kesi yote. Spesa naiweka pale ambapo umekosa milimita 3, 5, labda 10, na kila kitu kingine kimeshakuwa sawa.

Siku ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kutu kidogo tu chini ya spesa huiinua upande mmoja. Ninyi mlio Mombasa, Tanga, Unguja na pwani yote, mnajua hewa yetu ya chumvi. Alumini ikikaa juu ya chuma katika hewa hiyo hugandana, na baada ya mwaka unaitoa kwa nyundo. Paka grisi nyembamba kwenye shingo ya habu tu. Stadi na nati ziache kavu, na uso wa kubana uache mkavu. Kaza kwa mkono kwanza, kwa kuvuka, nati moja na ile iliyo mkabala nayo, kisha malizia kwa spana ya kupimia nguvu, ile mafundi wanaita toki renchi, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi ya aina hii ni karibu na Nm 100. Mashine ya upepo iwe ya kufungulia, si ya kumalizia.

Tembea kilomita 50 hadi 100, kisha kaza tena kwa kipimo kilekile. Kama spesa ni zile nene zenye stadi zake, vua magurudumu yote yenye spesa na upime na nati za ndani. Najua ni usumbufu, na najua wengi huacha hapo. Usiache.

Mwisho, waambie watu. Iambie kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kwamba gari lina spesa, wakujibu kwa maandishi. Mwambie fundi pancha wa njiani, maana yeye akivua gurudumu usiku kwa mwanga wa simu na kulirudisha, hana namna ya kujua kwamba stadi anazoziona si za habu, wala kwamba ile spesa iliyobaki kwenye habu inatakiwa ikae ikitazama upande gani. Kama tairi lako la akiba ni la rimu ya kiwandani, lijaribu nyumbani mchana, juu ya spesa, uone kama linakaa na kama nati zake zinafaa. Na ukiliuza gari, mpe mnunuzi nati za zamani, stadi ulizotoa kama bado unazo, na karatasi yenye unene wa spesa, aina ya uzi na kipimo cha kukazia. Ibandike ndani ya boneti, pale ambapo fundi wake ataiona bila kuambiwa.